Kwa nini Google haimwoni muuza alizeti wa Singida

Na Mwandishi Wetu, Singida

Basi la Mwanza linapopunguza mwendo kwenye miji midogo ya mkoa wa Singida, abiria hahitaji tangazo ili ajue kinachouzwa. Madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kandokando ya barabara, kuku wa kienyeji wamo kwenye matenga, na mifuko ya vitunguu imeegeshwa chini ya mwavuli. Muuzaji anakimbilia dirishani, bei inatajwa, noti zinabadilishana mikono, na dereva anakanyaga mafuta.

Mwenye duka la vyakula Tandika, Dar es Salaam, hapiti barabara hiyo. Anachukua simu na kuandika: “mafuta ya alizeti Singida bei ya jumla.” Hapo muuzaji wa Iguguno au Ikungi hana dirisha la kukimbilia. Kinachomwakilisha ni ukurasa wake wa mtandaoni, kama anao, na maneno aliyoyaandika ndani yake.

Wataalamu wa utafutaji wa mtandaoni hugawa mambo yanayoamua nafasi ya ukurasa kwenye matokeo ya Google katika mafungu mawili. Fungu la kwanza liko nje ya ukurasa, na kubwa kuliko yote humo ni viungo, yaani tovuti nyingine kuutaja ukurasa wako na kuwaelekeza watu kwako. Fungu la pili liko ndani ya ukurasa wenyewe: kichwa chake, maneno yake, picha zake, uzito wake na mpangilio wake. La kwanza mfanyabiashara mdogo hawezi kuliamrisha. La pili ni lake mwenyewe, na sehemu kubwa ya kazi yake haidai fedha bali utulivu wa kukaa na kuandika.

Na hapo ndipo tunapokwama. Kikwazo kikubwa cha bidhaa za Singida mtandaoni hakitokani na utaalamu wa kompyuta. Kinatokana na jambo jepesi zaidi: habari ambazo mnunuzi anazitafuta hazijaandikwa popote.

Tangazo lililofungwa ndani ya picha

Angalia namna biashara nyingi zinavyojitangaza. Kijana mwenye simu janja anatengenezewa bango zuri: chupa ya mafuta, ua la alizeti, namba ya simu, na maneno “Mafuta safi ya Singida.” Bango linawekwa Instagram, Facebook na kwenye status ya WhatsApp. Chini yake mteja anauliza bei, naye anajibiwa “njoo inbox.”

Kwa jicho la binadamu tangazo hilo limekamilika. Kwa Google karibu halipo. Mitambo ya utafutaji hutuma programu zinazopita ukurasa baada ya ukurasa, zikisoma maandishi na kuyaweka kwenye faharasa kubwa. Mtu anapotafuta, jibu hutolewa kwenye faharasa hiyo. Status ya WhatsApp haifikiwi na programu hizo, na baada ya saa 24 inafutika yenyewe. Teknolojia ya kusoma herufi zilizo ndani ya picha ipo, lakini ushauri wa Google kwa wenye tovuti ni kwamba maelezo muhimu yaandikwe kama maandishi, yasifungwe ndani ya picha.

Jibu la “njoo inbox” nalo lina gharama yake. Aliyeandika “bei ya jumla” ameuliza swali. Ukurasa usio na bei, wala kiasi, wala kipimo cha dumu, haujalijibu, na mtambo unaotafuta jibu una kila sababu ya kumpeleka kwa mwingine. Muuzaji anaogopa kuandika bei kwa sababu inapanda na kushuka kwa msimu, na hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni tarehe. Ukiandika kwamba dumu la lita 20 linauzwa kiasi fulani kwa wiki hii, ukaweka siku na mwezi, msomaji ataelewa kwamba bei inaweza kubadilika, na atakapopiga simu hamtaanza kugombana.

Ugonjwa huohuo uko maofisini. Taarifa ya zabuni, nafasi za kazi au bei elekezi inachapwa, inasainiwa, inagongwa mhuri, inaskaniwa, kisha inapandishwa mtandaoni kama faili lenye jina la tarakimu tupu. Kilichopandishwa hapo ni picha ya karatasi. Mkulima wa Kiomboi anayetafuta taarifa hiyo kwa maneno yake anaweza asiipate hata kama ipo. Aya tatu za maandishi ya kawaida juu ya faili hilo, zikieleza ni tangazo gani, linamhusu nani na mwisho wake ni lini, zingetosha kuliokoa.

Lumbesa ya maneno

Wapo mafundi wa tovuti wanaomwambia mteja kwamba siri ya kushika nafasi ya kwanza ni kurudia neno. Matokeo yake unakutana na ukurasa ulioandikwa: “Mafuta ya alizeti Singida, alizeti Singida mafuta, mafuta bora alizeti Singida Tanzania.” Wengine huyaficha maneno hayo kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili msomaji asiyaone ila mtambo uyasome.

Ushauri huo uliwahi kuwa na maana. Katika miaka ya tisini injini za utafutaji zilitegemea sana kuhesabu maneno, na ukurasa uliweza kuwa na sehemu ya siri ambamo mwenye tovuti aliorodhesha maneno anayotaka kutafutwa nayo. Watu waliitumia vibaya mno. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, walileta hesabu iliyopima pia ni nani anayeutaja ukurasa, hivyo kelele za mwenye ukurasa zikapungua nguvu. Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba ile sehemu ya siri ya maneno haiitumii kabisa katika kupanga matokeo yake ya utafutaji. Mwaka huohuo mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Watanzania wengi wakaanza kuonja intaneti ya kasi. Kwa maneno mengine, hila hiyo ilikuwa imeshakufa wakati sisi ndiyo kwanza tunaingia uwanjani, lakini bado kuna anayeuziwa.

Wakulima wa vitunguu wa Singida wanaijua lumbesa: gunia linalojazwa hadi linaota kilemba, mnunuzi akifaidi na mkulima akiumia, na sheria ya vipimo inalikataza. Ukurasa uliojazwa neno moja mara arobaini ni lumbesa ya maneno, na Google imeuweka waziwazi kwenye orodha ya hila zinazoweza kuushusha ukurasa au kuuondoa kabisa kwenye matokeo.

Neno linahitaji kuonekana pale linapostahili: kwenye kichwa, kwenye aya ya kwanza, na popote linapokuja lenyewe wakati wa kueleza. Zaidi ya hapo haliongezi kitu.

Kichwa ndicho mlango

Kila ukurasa una kichwa cha aina mbili. Kimoja ni kile kinachotokea kwenye matokeo ya utafutaji kwa herufi za buluu, na juu kabisa ya kivinjari. Kingine ni kile kikubwa ambacho msomaji anakutana nacho akishafungua. Vyote viwili vinauambia mtambo ukurasa unahusu nini, na vyote viwili ndivyo vinavyopuuzwa zaidi.

Tovuti ngapi zina kichwa kinachosema “Mwanzo” au “Karibu kwenye tovuti yetu”? Hakuna mtu duniani anayetafuta neno “karibu” ili apate mafuta ya kupikia. Tuseme kuna mkamuaji mdogo wa Iguguno, wilayani Mkalama. Kichwa cha “Mafuta ya alizeti ya jumla Iguguno, Singida: madumu ya lita 5 na 20” kinamweleza mnunuzi bidhaa, mahali na kipimo kabla hajabofya. Kisiwe kirefu kupita kiasi, maana kwenye kioo cha simu hukatwa katikati, na kila ukurasa uwe na kichwa chake. Tovuti yenye kurasa kumi zenye kichwa kimoja inauachia mtambo kazi ya kubahatisha.

Chini ya kichwa hicho kwenye matokeo huwa kuna mistari miwili ya maelezo. Maelezo hayo hayapandishi nafasi ya ukurasa; Google imelisema hilo mara nyingi. Kazi yake ni kumshawishi aliyekwisha kuuona abofye. Kwa hiyo yaandikwe kwa mnunuzi, na Google ikiona hayafai itachukua sentensi nyingine ndani ya ukurasa.

Anwani ya ukurasa isomeke. Anwani inayoishia na maneno “mafuta-ya-alizeti” inaeleweka kuliko inayoishia na “p=347.” Google inapendekeza maneno yatenganishwe kwa kistari cha kawaida, si kile cha chini. Picha nazo zipewe majina: “kuku-wa-kienyeji-manyoni” badala ya tarakimu zilizotoka na kamera, na kila picha iambatane na sentensi fupi inayoeleza kilichomo. Sentensi hiyo inamsaidia pia asiyeona, ambaye simu yake humsomea. Viungo vya kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ndani ya tovuti visiandikwe “bofya hapa”. Viandikwe “bei za mashudu ya alizeti,” ili msomaji na mtambo wajue wanakopelekwa.

Maneno ya mnunuzi

Wataalamu wa mifugo huandika “kuku wa asili.” Mama anayetafuta kitoweo cha sikukuu huandika “kuku wa kienyeji.” Kwenye nyaraka za kilimo utakuta “uchakataji wa mbegu za mafuta”, fundi wa Singida anasema anakamua alizeti, na anayetaka kununua mtambo wa kazi hiyo anatafuta “mashine ya kukamua alizeti.” Mitambo ya sasa inaweza kuunganisha maneno yenye maana moja, lakini katika Kiswahili uwezo huo bado haulingani na ule wa Kiingereza. Ukurasa uliotumia lugha ya semina peke yake unajiweka mbali na mteja wake.

Njia ya kuyajua maneno ya mnunuzi ni kumsikiliza. Maswali yanayokuja kwenye simu ya muuzaji kila siku ndiyo vichwa vya kurasa zake: Mafuta yamechujwa? Yana alama ya TBS? Mnatuma Dar kwa basi au kwa lori? Dumu la lita 20 mnauzaje? Mashudu mnayo, na gunia lina kilo ngapi? Kila swali likijibiwa kwa aya moja ya kueleweka, ukurasa unakuwa na maneno yote yanayotafutwa bila mtu kuyatafutia nafasi.

Google inatoa bure zana iitwayo Search Console inayomwonyesha mwenye tovuti maneno ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wake ukajitokeza. Huko ndiko muuzaji anaweza kugundua kwamba wanaomtafuta wanataka mashudu ya kulishia ng’ombe kuliko mafuta yenyewe. Habari kama hiyo mfanyabiashara wa zamani angeilipia.

Singida ipi?

Jina la mkoa lina shida yake. Singida ni mkoa wenye wakazi milioni mbili kwa sensa ya mwaka 2022. Ni manispaa, ni wilaya, na jina hilo limo ndani ya jina la ziwa Singidani lililo kando ya mji. Juu ya yote hayo, ni mpira.

Singida United ilipanda Ligi Kuu na kucheza msimu wa 2017/18. Ilipoporomoka, timu ya DTB ilipanda ikaitwa Singida Big Stars mwaka 2022, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, na mwaka 2024 jina la Singida likahamia kwa Ihefu ya Mbarali, iliyogeuka kuwa Singida Black Stars. Kila jina lilizaa habari nyingi za usajili, matokeo na makocha. Anayeandika neno “Singida” peke yake siku ya mechi asishangae akikutana na kikosi kinachoanza.

Kwa mfanyabiashara, somo ni kwamba jina la mkoa pekee halimtambulishi. Ukurasa utaje kijiji, kata na wilaya, utaje barabara inayopita, utaje umbali kutoka stendi. Asali ya Itigi iandikwe kuwa ni ya Itigi, wilaya ya Manyoni. Vitunguu vya Misuna viitwe vya Misuna. Google inaeleza kwamba matokeo ya kutafuta huduma iliyo karibu hutegemea mambo matatu: biashara inahusiana vipi na kilichoulizwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. La umbali haliwezi kuhesabiwa kama anwani ni “Singida, Tanzania” basi.

Bando na subira ya mteja

Wateja wengi wa Kitanzania huingia mtandaoni kwa simu na kwa bando la kununua. Ukurasa wenye picha sita zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, kila moja ikiwa na megabaiti nne, unamtafuna mteja megabaiti 24 kabla hajasoma bei. Mahali penye mtandao hafifu, kama vijiji vya ndani ya vichaka vya Itigi, ukurasa huo haufunguki kabisa.

Google ilianza kuzipa uzito kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu tarehe 21 Aprili 2015, na leo toleo la simu ndilo inalolitumia kuujua ukurasa. Tovuti inayoonekana nadhifu kwenye kompyuta ya fundi lakini ikimlazimisha mwenye simu avute pembeni ili amalizie sentensi inahesabiwa kwa ubovu wake wa simu. Kuhusu kasi, kipimo cha Google ni kwamba picha au maandishi makubwa kuliko yote yanayoonekana ukurasa unapofunguka yatokee ndani ya sekunde 2.5. Usalama nao, ile alama ya HTTPS, uliingizwa kama kigezo chepesi mwaka 2014.

Mambo haya yasikuzwe kupita kiasi. Kasi haiwezi kuokoa ukurasa usio na jibu. Lakini pale kurasa mbili zinapojibu swali sawasawa, nyepesi ina nafasi zaidi, na kwa mteja wa bando haihitaji hata Google kuamua. Kupunguza picha hadi kilobaiti mia moja au mia mbili ni kazi ya dakika chache kwa programu za bure.

Uwanja ambao haujajaa

Anayeuza mafuta ya kupikia kwa Kiingereza anashindana na kampuni kubwa za dunia nzima. Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu alizeti ya Mkalama ana washindani wachache mno. UNESCO inakadiria wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200, lakini kurasa walizoandikiwa ni chache kuliko idadi hiyo inavyostahili.

Mitambo nayo imeanza kukielewa. Mwishoni mwa mwaka 2019 Google ilipeleka kwenye lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo, mfumo wake uitwao BERT, unaosoma neno kwa kuangalia yaliyo mbele na nyuma yake. Kwa lugha kama yetu, ambamo “alizeti ya kukamua” ni mbegu na “mashine ya kukamua alizeti” ni mtambo, hatua hiyo ina faida kubwa.

Uwanja mtupu huvutia pia wavamizi. Siku hizi kuna kurasa nyingi za Kiswahili zilizotafsiriwa na mashine, zinazomfundisha mkulima wa Tanzania kupanda alizeti kwa miezi ya Ulaya. Machi 2024 Google iliweka kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa lengo la kunasa watafutaji tu, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Mwenye ujuzi wa kweli ana silaha ambayo mashine hizo hazina: anajua mvua za Singida huanza lini, anajua tofauti ya mbegu ya Record na mbegu chotara anapoingiza mzigo kwenye mashine, anajua kwa nini mafuta ya mwaka huu ni mazito kuliko ya mwaka jana. Akiyaandika hayo kwa maneno yake, ukurasa wake hauna mwenzake.

Mwaka 2021 serikali iliitaja Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kipaumbele katika alizeti ili kupunguza mafuta yanayoagizwa nje. Tangu hapo mazungumzo yamekuwa ya mbegu, mbolea na viwanda. Soko la mtandaoni halijapata kikao chake. SIDO, maofisa ushirika na vyuo vya ufundi vya mkoa vinaweza kuliingiza katika mafunzo yao bila bajeti ya ajabu: siku moja ya kuandika ukurasa mmoja kwa kila mkamuaji, wenye bei, kipimo, mahali na simu.

Anayeahidi namba moja

Tahadhari ya mwisho ni ya fedha. Akija mtu akakuahidi nafasi ya kwanza Google kwa malipo ya mwezi, mwonyeshe mlango. Google yenyewe imeandika kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha nafasi hiyo. Vigezo ni vingi, vinabadilika, na vingine viko nje ya ukurasa. Fundi mkweli atakuambia atarekebisha vichwa, atapunguza uzito wa picha, atapanga kurasa zako na kukuonyesha takwimu. Mengine ataziachia wiki na miezi.

Muda huo uingizwe kwenye hesabu. Mabadiliko yanaweza kuonekana baada ya saa chache au baada ya miezi kadhaa, na ukurasa mpya wa tovuti isiyojulikana hukaa upande wa miezi. Alizeti ya Singida huanza kuvunwa Mei na Juni, na wanunuzi wa mbali huanza kuulizia kabla ya hapo. Mkamuaji anayesubiri mashine zianze kunguruma ndipo aandike ukurasa wake atakuwa amechelewa kwa msimu huo. Januari, alizeti ikiwa bado changa shambani, ndio mwezi wa kukaa chini na kuandika: nauza nini, wapi, kwa kipimo gani, na kwa bei gani kuanzia leo.